Usiezue Bati, Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za mlangoni. Wajukuu hawajambo? Shemeji kifua kimetulia? Sisi huku afya ipo, chakula kipo, cherehani inazunguka. Ila moyo wangu, dada, hauko mahali pake. Sababu unaijua nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Najua hupokei simu zangu tangu vijana wa manispaa walipopiga ile alama nyekundu ya kubomoa ukutani kwako. Sikulaumu. Fundi viatu wa kona yenu kaniambia umeshaanza kufunga vyombo, na shemeji katafuta mtu wa kuezua paa kabla katapila la mtaro halijafika Jumatatu. Nakuomba kwa titi tulilonyonya, usiezue bati hata moja mpaka umalize kusoma.

Nimesikia pia ulivyomfukuza mwanao, huyu binti niliyemzaa mimi, alipokuja kupiga hodi. Eti ulimwambia kupitia dirishani kwamba mikono uliyoifundisha kushika kijiko ndiyo iliyokuchorea alama, na kama amekuja kupima, basi akupime na kaburi kabisa amalize kazi. Sisimizi wetu, jina ulilompa wewe mwenyewe kwa udogo wake, alirudi akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akawa anaokota vipande vya nyuzi sakafuni kimoja kimoja. Nilimuuliza kama atakula. Akasema ameshiba, na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Dada, hebu nikueleze kazi yake. Najua utasema nimekueleza mpaka umechoka, lakini nilikuwa nakueleza sifa tu, kazi yenyewe sikuieleza. Ofisi ile ya ramani imejaa watu wenye tai, lakini kompyuta ikigoma anaitwa nani? Haya. Kazi yake ni kuchukua picha na kuipanga juu ya picha nyingine ndani ya programu ya ramani. Chini anaweka picha iliyopigwa kutoka angani, unaona mapaa yote, hata tangi lako la maji linaonekana. Juu yake anatandaza mchoro wa mhandisi, ule wenye mstari wa mtaro, anaufanya mwepesi kama mtandio ili uone kilicho chini yake. Hayo wao wanaita matabaka. Mimi nilimwambia ni kazi yangu hiyo hiyo ya kuweka bitana, akacheka.

Sasa, picha peke yake haijui inakaa wapi duniani. Pembeni yake kuna kafaili kadogo, kana mistari michache ya namba tu, na kanabeba jina lile lile la picha. Kafaili hako ndiko kanakosema kona ya juu ya picha ibanwe wapi, na kila nukta ya picha ni upana gani wa ardhi. Bila hako, mchoro unaweza kwenda kutua baharini. Alinieleza haya mezani kwangu, mimi niliyeacha shule mapema, na nikaelewa. Siku ile nilijiona profesa.

Ndipo nikamwomba aniwekee huo mchoro kwenye simu, nao kina mama wa ushonaji wauone. Akaniwekea kwa waya. Niliwaonyesha kina mama, nikamwonyesha muuza maji, nikautuma na kwenye kundi letu la familia nikiandika kwamba kazi ya binti yangu hiyo, mwenye macho na atazame. Wewe mwenyewe ulipiga makofi, dada. Angalia kundini, bado yapo.

Muda si mrefu umeme ukapanda hapa nyumbani, ukaunguza kompyuta yake kabla hajapeleka kazi ofisini. Kale kafaili kalipona, kalikuwa kwenye flashi. Picha yenyewe ikapotea. Mhandisi alikuwa amesafiri na karatasi yake, na hadi leo hapatikani. Basi mwanao akanikumbuka mimi, akauliza kama ile picha aliyoniwekea bado ninayo. Nikasema ninayo, mtu kama mimi nitapotezaje kitu cha maana? Nikampa. Akaiweka kando ya kafaili kake, mchoro ukatandazika vizuri, bosi akaukagua pale kwenye daraja karibu na ofisi, ukakaa sawasawa. Vijana wakatumwa kupiga alama.

Zilipoishia mlangoni kwako, Sisimizi akashtuka. Anakumbuka mhandisi alisema mtaro utapita kwenye kiwanja kitupu nyuma ya karakana ya seremala, nyumba tatu mbele yako, na hautagusa ukuta wa mtu. Akamkimbilia bosi. Bosi akamjibu kwamba darajani ramani haina kosa, na kwamba anajua mwenye ile nyumba ni mama yake mkubwa, kwa hiyo asimletee ujanja wa kupindisha mtaro kwa ajili ya ndugu. Akampa mpaka Jumatatu, kabla katapila halijawashwa, aonyeshe kosa liko wapi. Asipolionyesha, aache kitambulisho getini. Ndiyo hali yake, dada. Kule anaambiwa anapendelea ndugu, huku wewe unamwambia hana utu. Amepitia kila kitu na haoni kosa. Aliniuliza tena, kwa upole, kama picha niliyomrudishia ndiyo ile ile ya waya. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo.

Jana alasiri jirani yangu mshona mashuka alikuja kulalamika kwamba picha za mashuka yake zikifika kwa wateja zinakuwa na ukungu. Sisimizi akamjibu, bila hata kuinua kichwa, kwamba kundi la simu huzibana picha na kuzipunguzia nukta ili zisafiri nyepesi. Jirani akaitikia, akaomba chumvi, akaenda zake. Mimi sindano ilinisimama mkononi.

Dada, ile ya waya nilikuwa nimeifuta. Simu ilijaa, na mimi nilitaka nafasi ya video ya harusi ya mpwa wetu. Niliyomrudishia niliichukua kutoka kwenye kundi, ile niliyoituma kwa majivuno. Nilisema ndiyo ile ile kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu kwamba sipotezi kitu, na machoni pangu haikuwa na tofauti hata chembe. Kumbe imepungua kidogo, na kafaili kanaendelea kuipima kama ile kubwa. Wewe umekata nguo, unaelewa: kitambaa kikilowa maji kikarudi, halafu ukakibana kwa kona moja, hapo kwenye kona kitaonekana sawa, upungufu utauona kwenye ncha ya mbali. Kona ni darajani. Ncha ni nyumbani kwako.

Nimejaribu kumwambia. Asubuhi nilimwita kabisa, akaja, akasimama, nikamwambia chai inapoa. Hivi nikoje? Mdomo huu uliotangaza alama zake za mtihani sokoni, leo unashindwa neno moja. Na neno hilo tu ndilo analolihitaji. Michoro mingine ya mhandisi yule iko ofisini, na yote ina nukta sawa kwa upana. Akijua picha ilipunguzwa, atailinganisha na hiyo, atarekebisha namba, na mstari utarudi nyuma ya seremala.

Kwa hiyo nimemwambia akuletee barua hii. Bahasha sijaifunga kwa makusudi. Nimemwambia akishakaa kwenye gari aisome yote, ndipo akupitishie kwenye lile lile dirisha. Kwenye mfuko aliobeba nimetia na simu yangu, ili picha ya kundini na maneno yangu ya majigambo viwe ushahidi kwa bosi. Usinipigie basi, utakuwa unaipigia sebule yako. Jumatatu nitakwenda naye ofisini, nimevaa lile gauni la kijani, nijiseme mwenyewe mbele ya wenye tai. Na nikishajisema, nitawaambia pia kwamba hakuna mmoja wao anayemfikia.

Nisalimie shemeji, mwambie ashuke kwenye ngazi. Wabusu wajukuu. Kama bado una hasira, zilete kwangu, anwani yangu unaijua. Ila ukimwona Sisimizi hapo mlangoni macho yamemvimba, ujue ameshasoma, na hakuwa na wa kumlilia njiani. Mfungulie, dada. Umlishe kwanza.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo,
Mama Sisimizi