Kola ya Wageni

Kivinje, Jumanne

Mdogo wangu Zainabu,

Salamu. Huku joto ni kali na samaki wa kukaanga ni watamu, ila leo nimeiacha sahani, nimekaa kukuandikia.

Nimemkuta Mzee Saidi, aliyekuwa mtunza stoo wa ile hospitali yetu iliyofungwa. Tangu tupunguzwe kazi anauza mitumba. Nilipomwamkia akafungua sanduku, akatoa kola ya madini ya risasi, ya kukinga shingo na mionzi, bado imo kwenye nailoni yake.

"Nimeitunza, mwanangu. Si unakumbuka ilikuwa ya wageni wa kutoka Dar?"

Nami miaka yote ile nilishika vichwa vya watoto wasitikisike wakipigwa eksirei, shingo yangu wazi! Daktari aliyenipasua alisema mionzi huweza kuzalisha kemikali kali ndani ya chembe za tezi ya shingoni, zikaziharibu polepole kama kutu inavyokula bati, mpaka zikawa saratani.

Nikaivaa. Imefunika kovu lote.

Nakupenda, Zai. Vile vikombe vyangu vya wageni vitoe kabatini leo hii, mnywee chai wewe na watoto. Mgeni akija, avikute vimevunjika.

Dada yako,
Mwanaidi