Wenye Redio Wanamwita Kalamu Nyepesi

Cheyo,
Tabora.
6 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Aleksi,

Shikamoo. Natumaini huko Mtwara hamjambo, na kwamba mgongo uliokusumbua sasa unakuachia ulale. Sisi huku miili ni mizima. Mioyo ndiyo sina hakika nayo. Baba analala kidogo, mimi usingizi umenikimbia, na mama anasema nyumba imegeuka stesheni, watu wanaingia na kutoka tu.

Simu yako haipokelewi, ndiyo maana naandika. Barua hii nimempa Stela, binti wa shangazi Josepha, anayekuja huko kufundisha. Nimemwambia akuwekee mkononi, asimwachie jirani.

Redio Itika inauzwa. Kampuni moja kubwa ya Dar inataka mnara wetu na masafa yetu, vipindi vyote vitoke kwao. Mimi ninayesoma matangazo ya vifo na salamu za asubuhi nimeambiwa nisihofu, nitapewa kazi ya kutafuta matangazo ya biashara. Nahofu vilevile. Wanahisa watapiga kura tarehe 28. Wanaotaka kuuza ni wachache, ila wao wana majina.

Hapo ndipo penye shida, na unaijua. Wakili wa ile kampuni alifungua daftari la wanahisa akaanza kusoma: Simba Mla Asali wa Usinge. Mama Kicheko wa Choma. Bibi Harusi wa Zamani. Akavua miwani.

"Hawa ni watu?" akauliza.

"Hao ndio wenye redio," baba akamjibu.

Wakili akasema sheria haimjui Simba Mla Asali, na hisa isiyo na mtu haipigi kura.

Usidhani nakulaumu. Ulikuwa katibu wa klabu ya salamu, ukawaandika watu kwa majina uliyowajua kwayo. Nani alilijua jina la ubatizo la Mama Kicheko? Sisi wa Ulyankulu, wenye asili ya ukimbizi, majina yetu yameshaandikwa na makarani wengi, kila mmoja kwa sikio lake. Lile la salamu ndilo mtu alilojichagulia mwenyewe. Zamani kadi zenu mlizituma Dar kwa posta, zikasomwa mtu akiwa ameshasahau alichoandika. Siku mgonjwa wa Usinge alipotakiwa nafuu redioni hali ameshazikwa, ndipo mkaamua kuwa na redio yenu. Mkauza tumbaku na asali, mkaziba kuta za studio kwa magodoro ya watoto. Mimi ni mmoja wa watoto waliolala chini, kwa hiyo nami najihesabu mwanzilishi.

Basi nimekuwa nikiwaita hewani, kila asubuhi, kwa majina yale yale. Wanakuja, Baba Mdogo. Simba Mla Asali ameshuka na treni, kumbe ni kazee kapole kanakoitwa Tobia. Mama Kicheko alifika akalia mchana kutwa. Lakini wakili anataka aliyewaandika aje aape mahakamani kwamba huyu ndiye yule. Aliyewaandika ni wewe, hakuna mwingine.

Najua kwa nini uliondoka. Kosa lile la majina lilipogunduliwa, baba alisimama mkutanoni akasema mbele ya wanachama wote kwamba umetuandikisha kama kikundi cha ngoma. Yalikuwa maneno makali, naye anajua. Ila kaka yako unamfahamu, kwake kuomba radhi ni kumeza mfupa. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimelima vya kutosha, mikono inauma, sasa nataka kuvuna.

Juzi asubuhi baba alikuja studio na kadi ya salamu aliyoijaza mwenyewe. Alikuwa hajajaza kadi tangu uondoke. Nilipoona inakwenda kwa nani, nikamkumbusha kwamba mnara wetu hata Itigi haufiki, sembuse Mtwara.

"Wewe soma," akasema.

Nikasoma. Alikaa mbele yangu mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimesoma taratibu.

Tangu siku ile situlii. Naogopa kuipoteza redio, lakini naogopa zaidi baba aje aseme maneno yake tena mahali usipoweza kuyasikia. Treni na mabasi yapo. Njoo kabla ya tarehe 28.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Josepha, na Nikolaus ambaye sasa ananizidi kimo. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Kadi ya baba nainakili hapa, kwa kuwa redio haikufika:

"Ni mimi, Moto Usiozimika wa Ulyankulu. Namsalimu Kalamu Nyepesi wa Urambo, popote alipo. Ujumbe: Kwangu usibishe hodi, ingia."

Mwanao akupendaye,
Advera