Neno Ulilotugawia Nusu kwa Nusu

Shemeji Salumu,

Nimekaa barazani kwangu Temeke, jua la alasiri limelegea, na sijui nipo macho au nasinzia. Tangu tukuzike mie niko hivi hivi. Juzi nilikuona unapita na lile shati lako la kijani, miguu haigusi chini. Nikakuita, "Salumu, kahawa ipo!" Ukapunga mkono tu, kama mtu aliyeacha mteja dukani.

Nikupe habari. Dada yangu, mkeo, bado yumo edani, ila sasa anakula. Mwanao Zuhura tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata. Na kompyuta yako imekufa. Umeme wa mgao ulirudi kwa kishindo, ikatoa moshi, basi. Zuhura alilia kuliko siku ya maziko. Humo ndimo ulimokuwa unachapa hadithi za bibi yako wa Kisarawe, naye alitaka kumsimulia mtoto wake. Kila akiziomba ulimwambia, "Subiri, sijamaliza."

Nikasimama kifua mbele. "Usilie, mjomba wako anazo!"

Si uongo, Shemeji. Wewe mwenyewe ulitupanga, mie na mtani wetu Yohana wa Kigamboni, kila mmoja atunze disketi za wenzake, zote umezifunga kwa maneno ya siri. Ulisema, "Kinondoni kwangu kukiungua, Temeke ipo. Temeke ikifurika, Kigamboni ipo." Mie nililaza zako kabatini chini ya kanzu ya Idi, na mtaani nikasema natunza mambo mazito ya serikali. Hata ningetaka kuchungulia nisingeweza. Nililala chumba kimoja na bibi yako humo disketini miaka yote hiyo, nisimsikie hata akikohoa.

Baada ya arobaini yako tukakutana dukani kwa jirani yako mwenye kompyuta. Disketi ya kwangu ilikuwa imeota ukungu. Yohana akanicheka mpaka akashika ukuta. Mnyamwezi yule hana haya, siku ya maziko alijilaza kaburini mwako kwa desturi ya watani, akasema hatoki mpaka sie Wazaramo tumpe kuku. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Lakini disketi ya kwake ilikuwa safi, kaifunga nailoni kama mkate.

Ikabaki neno la siri. Ulipoanza kuumwa ulituita mmoja mmoja, ukatugawia nusu nusu. Yohana nusu yake ni jina la mbwa wake, akaitaja hapo hapo. Mie uliniambia, "Yako ni kile kitu ulichobeba kichwani kutoka Kurasini mpaka Temeke. Hicho hutakisahau."

Shemeji. Kwa nini ulifanya vile?

Unanijua. Kisa kile nimekisimulia harusini, misibani, kwa kinyozi, na kila mara mzigo hubadilika. Zuhura akaandika friji. Ikakataa. Nikasema basi ni kabati la chuma. Ikakataa. Injini ya lori. Ikakataa. Jasho likanitoka. Yohana akasema, "Mzaramo, kwani ulibeba nini hasa?" Nikasema kwa sauti ndogo, godoro. Ikakataa hata godoro! Nikamwona Zuhura anashika tumbo, macho yamejaa machozi, na mie nusu ya baba yake imenipotea mdomoni.

Kisha akaanza kutabasamu. Akasema, "Mjomba, baba alikuwaga ananisimulia kitandani nikiwa mdogo. Alisema ulibeba meli."

Meli! Mie sijawahi kusema meli. Kumbe miaka yote uliyokuwa unanitikisia kichwa, ukirudi kwako ulikuwa unaniongezea. Akaandika meli, mbele yake jina la mbwa. Ikafunguka.

Zuhura akasoma kwa sauti. Feni inazunguka, nje malori yanapita, na bibi yako akaingia mle dukani na fisi wake na sungura wake, tukawa kama tumelala wote watatu macho wazi. Jirani alifunga mlango, hakutaka wateja. Mpaka hadithi ya mwisho. Fisi amefika kisimani, ana kiu, akainama, akaona... Hapo hapo. Hakuna zaidi. Ndipo ulipoinua vidole, usichape tena.

Zuhura akanigeukia. "Malizia basi, Mjomba."

Nilifungua mdomo. Shemeji, nilikuwa nayo, tayari ipo ulimini, tena nzuri kweli. Yohana ananitazama. Nikaufunga. Nikasema sijui.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi napanda Kisarawe na Zuhura, taratibu kwa ajili ya tumbo lake, tukawaulize wazee waliobaki fisi aliona nini. Nakala mpya tumeshagawana, neno jipya kalichagua Zuhura mwenyewe. Na kama huko hakuna anayekumbuka, tutamwacha fisi pale pale ameinama, kama ulivyomwacha. Neno langu sitatia.

Pumzika, Shemeji. Ukipita tena na shati lako, simama kidogo, hata kama huna la kusema.

Mie shemeji yako, wa Temeke.