Jiwe la Manjano Lililokauka Jikoni

Baba Wanjiru,

Leo sikwenda kuchuma chai, mgongo umekataa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Jiwe lako limechukuliwa.

Unakumbuka ulivyorudi nalo kutoka kaskazini, ulikokuwa ukiwabebea wapimaji wa madini mashine zao? Ulilifunga kwa kitambaa chenye maji kama kitu kinachopumua. Ukafunga madirisha mchana, ukalimulika kwa ile taa ya kazini ya mwanga wa zambarau, nalo likang'aa kijani mpaka Wanjiru akajificha nyuma yangu. Ukanionyesha lilivyo laini, kucha inalikwaruza, na linavyobanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. "Ndani kuna madini ya urani na maji," ukasema. "Maji yakitoka, linavunjika. Usiliweke karibu na moto."

Nililiweka karibu na moto. Ulipougua nilikuwa nakuogesha, nakulisha, nakimbilia shambani, narudi. Siku moja nikatoa vitu chumbani ili upate hewa, na mkebe uliokuwa na jiwe ukaishia kwenye rafu ya jikoni, karibu na meko. Nilipoukumbuka, ile manjano ilikuwa imefifia na nusu ya jiwe imekuwa unga. Wiki ya mwisho uliniuliza, "Liko salama?" Nikasema, "Liko." Nilikudanganya. Ulitabasamu, nikashindwa kulirudisha neno langu.

Baada ya mazishi, Mwangi uliyekuwa ukifanya kazi naye alikuja kutupa pole. Nikamwonyesha mkebe. Akaenda kwenye gari, akarudi na mashine ya kupima mionzi. Ililia tik tik tik. Alipoisogeza kwenye kitanda cha watoto, pale kando ya rafu, haikuacha.

"Mama Wanjiru, watoto wanalala hapa?"

"Ndiyo."

Nikamwuliza kama jiwe ndilo lililokuua. Alitazama chini. "Hiyo siwezi kukuambia, mama. Labda. Labda pia ni kitu ingine."

Alilitia kwenye sanduku zito, akaondoka nalo pamoja na blanketi za watoto. Akaniambia nisifagie kukiwa kukavu, nipanguse kwa kitambaa chenye maji. Nimepangusa siku tatu, kuta, rafu, mpaka chini ya kitanda. Daktari aliwapima watoto, hajaona kitu, lakini ametaka tuwe tunarudi.

Asubuhi nakukasirikia wewe kwa kulileta nyumbani. Jioni najikasirikia mimi. Katikati ya hapo kuna ng'ombe, na kuni, na kaptura ya Kariuki wetu ambayo imeraruka tena.

Nitawapeleka kupimwa kila daktari atakaposema, hata kama ni kwa miguu. Na Wanjiru, ambaye ameanza kuuliza, nitamwambia yote, ya kwako na ya kwangu, bila kupunguza. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Mvua imeanza kushuka kutoka mlimani, acha nianue nguo.

Mama Wanjiru