Sahani ya Nyumba Mbili

Ijumaa, 9 Januari

Mkate wa kumimina leo, kama kila Ijumaa. Umekaa vizuri, chini haukuungua. Nusu yetu. Nusu nimeitia kwenye sahani ya maua ya buluu, Raya kaipeleka kwa Zuhura, nyumba ya tatu. Sahani imerudi na sambusa. Ndivyo tunavyokwenda tangu tulipohamia Mabela, hapa Maskati, na njia hii ilikuwa vumbi tupu. Sahani inakwenda, sahani inarudi, na hairudi tupu. Akiwa hana kitu ataweka ndimu mbili au konzi ya tende. Kwanza ilikuwa yangu au yake, hatukumbuki tena.

Akdi ya ndoa ya watoto ni kabla ya Ramadhani. Nassor wake, Raya wangu. Ukumbi Zuhura kautaka Bustan, karibu na hoteli anayofanya kazi Nassor. Sikubisha. Mtoto wa kike nnaye huyu mmoja tu.

Jambo moja linanikera, naliandika hapa kwa sababu pengine hapasemeki. Salim, kaka yake Zuhura, anagombea ubunge kwenye jimbo letu, Pemba. Mbunge wa zamani kafariki, kiti ki wazi. Salim kazaliwa Unguja, kakulia Mjini, Pemba anaijua kwa kwenda kuzika. Leo ndiye wa kutusemea Dodoma. Na Hamad, mdogo wangu, ni wakala wa upande wa pili. Mie na Zuhura tumekubaliana hatulizungumzi.

Jumanne, 13 Januari

Tumelizungumza.

Kwenye gurupu la kina mama. Mmoja wa Unguja kaandika kuwa Wapemba wabishi, hata wakipewa barabara wataipinga. Nimemjibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu. Nimesema barabara hiyo imeanza kuahidiwa mie niko chuoni nasoma juzuu, na kila uchaguzi tunaletewa mtu wa Mjini na mifuko ya mchele, kama kwamba Pemba hakuna aliyesoma. Zuhura kasikiliza, nimeona keshafungua. Baadaye kaweka picha ya kaka yake kavaa kofia ya chama. Picha tu. Hilo ndilo lililoniudhi khasa.

Seif kaniuliza nnasagia nini meno. Mume wangu kazaliwa hapa hapa Maskati, wazee wake ndio waliotoka huko. Nimemweleza. Kasema, "Nyie nyote mna pasi za Oman. Hamna hata kura." Kisha karudi kwenye mpira wake. Ni kweli, na sikupenda kuisikia kutoka kwake.

Ijumaa, 16 Januari

Mkate umeungua. Nimeukwangua chini, nimeupeleka hivyo hivyo. Sahani haijarudi, limekuja chungwa. Chungwa moja.

Kalileta Neema, msichana wa kazi wa Zuhura. Mtu wa Iringa, Mkristo, mtaratibu. Kaniuliza mlangoni, "Mama, hivi Unguja na Pemba si wote Wazanzibari?" Nimemwambia siku nyingine nitamweleza. Sikujua pa kuanzia. Kwao huko Bara sisi sote ni wamoja, watu wa udi na kelele.

Kesho wanapiga kura.

Jumamosi, 17 Januari

Simu haijatoka mkononi tangu alfajiri. Asubuhi Hamad katuma picha ya foleni, wanawake wengi, mabuibui na miavuli. Mchana kasema shwari. Alasiri kasema kuna vijana kwenye daftari ambao hakuna anayewajua, si wa kwetu, wameletwa, na yeye kakataa kutia saini. Magharibi kimya. Sijala. Seif anasema betri imemwishia.

Jumapili, 18 Januari

Salim kashinda. Gurupu zima vigelegele, maua, mashairi. Zuhura kaandika Alhamdulillahi.

Betri haikumwishia. Mkewe kanipigia analia. Simu alinyang'anywa jana kituoni, na kabla ya kucha wamekuja na gari, wamemchukua Hamad na mawakala wenzake wawili. Nani? Hawakujitaja. Wamemchukua na msuli wake wa kulalia na fulana. Hamad ni mwalimu wa hesabu, ana kisukari. Dawa zake ziko juu ya friji.

Nimeandika kwenye gurupu. Nimemwandika Salim, nimemwandika na marehemu baba yake, maneno ambayo hapa siyarudii. Kisha nimetoka kwenye gurupu, na namba ya Zuhura nimeifunga. Sijuti.

Jumatatu, 19 Januari

Adhuhuri Neema kaja na sahani. Pilau. Nyama na zabibu juu, imefunikwa foili, bado moto. Harufu imejaa mpaka chumbani. Pilau ya ushindi. Mdogo wangu hajulikani alipo, na wao wananiletea niushibe ushindi wao.

Neema alitaka kusema kitu. Sikumpa nafasi. Nimeirudisha sahani na chakula chake ndani, foili sikuifunua. Nimemwambia, "Kamwambie Mama Nassor kwetu kuna msiba."

Chakula hakirudishwi. Hata akikuletea hasimu yako unakipokea, kisha wende ukawape paka. Hayo nimefunzwa kabla sijajua kusoma. Nilijua ninachokifanya, na nilijisikia vizuri mpaka alasiri.

Raya karudi kazini keshaambiwa na Nassor. Kanisomea kwa Kiarabu. Huyu akikasirika hurudi kwenye Kiarabu. Kasema Pemba hajaikanyaga maisha yake, Unguja kaiona kwa likizo tu, sasa hiyo kura ya watu wa huko imeingiaje kwenye harusi yake. Nilikuwa nasubiri simu ya mke wa Hamad.

Alhamisi, 22 Januari

Hakuna habari. Mke wa Hamad kazunguka kila pahala, kila pahala wanamwambia si hapa.

Seif kenda Sidab kwa wavuvi, karudi na nguru mzima. Nani ale? Nimemkata, nimemtia barafuni, nimejikata na mie kidole.

Jioni mume wa Zuhura kampigia Seif. Akdi tuisogeze kwanza, nyoyo zitulie. Seif kasema haya, sawa. Wanaume wawili, simu moja, basi. Nimefoka. Nimesema hata kuniuliza? Seif si mtu wa maneno, lakini leo kasema, "Sahani uliirudisha wewe."

Nimelala chumba cha Raya. Kanipa mgongo.

Jumapili, 25 Januari

Hamad katoka. Yu hai, yu nyumbani. Nimesujudu jikoni, kwenye sakafu ya maji.

Katoka peke yake. Wale wawili bado.

Jumanne, 27 Januari

Leo nimezungumza naye mwenyewe. Sauti imekuwa nyembamba. Miguu imemvimba, anasema anakanyaga kama kavaa viatu vya mtu.

Katolewa kwa simu. Kapiga Salim. Mheshimiwa mwenyewe, yule yule. Na kisha kampitia nyumbani, kasimama uani mbele ya majirani, kamwambia, "Mshukuru dada yangu Maskati. Kanililia wiki nzima." Dada yake ni Zuhura. Zuhura niliyemfungia namba.

Hamad hana furaha. Anasema akenda barazani wenziwe wanakumbuka shughuli, mmoja mmoja wanaondoka. Wanasema kanunuliwa. Mbona katoka yeye, wenziwe hawakutoka? Kaniambia, "Mie sina kosa, dada. Sasa huyu kanisamehe nini?" Kisha kaniambia nisithubutu kumshukuru mtu yeyote.

Nimeifungua namba ya Zuhura. Nimeandika "Mama Nassor". Nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta tena.

Jumatano, 28 Januari

Nimemkuta Neema dukani ananunua vitunguu. Kaniamkia kwa adabu, kisha kasema lile alilokuja nalo siku ile. Kwamba Mama Nassor aliita wanawake, wakakaa chini, wakasoma. Yeye Kiarabu hakijui, ila jina kalisikia. Hamad. Kila wakimaliza, Hamad. Ndipo wakapakua, na sahani ya mwanzo ikawa yangu.

Nimemuuliza, kwani haikuwa pilau ya kushangilia?

"Sufuria lilikuwa moja, mama," kasema. "Walishangilia asubuhi, wakaomba mchana."

Sufuria moja. Kamshukuru Mungu kwa nduguye na kamwombea wangu, kwa nyama ile ile. Sijui hilo linanipunguzia au linanizidishia. Bado nna hasira. Huwezi ukampigia vigelegele mwenye kisu, ukamsomea dua aliyekatwa. Lakini nani mwengine aliyemsomea? Mie nilikuwa nimeshika simu, natukana. Sadaka ya mdogo wangu nimeirudisha mlangoni ikiwa moto.

Ijumaa, 6 Februari

Leo ingekuwa akdi.

Raya kenda kazini Ijumaa, kajitolea zamu ya mtu. Sikupika mkate. Baada ya sala nimevaa, nimekwenda kwa Zuhura kwa miguu yangu.

Kafungua mwenyewe. Kanikalisha majlisi, sebule ya wageni. Miaka yote hii mie nakaa jikoni kwake, juu ya kile kibao cha kukunia nazi, leo kanikalisha majlisi na kanimiminia kahawa kama mgeni aliyetoka Sohari. Kakonda.

Nimemwomba radhi ya chakula. Kasema yameshapita. Nimemshukuru kwa Hamad, Hamad anisamehe. Hapo ndipo alipoweka dele la kahawa chini.

Kasema Salim mwanzo alikataa. Maneno yangu ya gurupu yalikuwa yameshamfika, yalifika kwa mama yao kabla ya kumfika yeye. Kisha kasema atamtoa Hamad kwa sharti. Watu wa chama hawawezi kumuona mbunge mpya anamfungulia mtu kwa sababu ni mjomba wa bibi harusi wao. Posa ivunjwe kwanza. Wasiwe wakwe, wasiwe chochote. Ndipo atapiga simu.

Zuhura kakubali. Hakumuuliza mumewe, wala Nassor, wala mie. Mie ningeulizwa vipi, namba nilikuwa nimeifunga. Nassor alipojua kaomba ahamishiwe Salalah, kusini kabisa. Keshakwenda.

Kaniuliza, "Wewe ungefanyaje?"

Ningefanya vile vile. Nimemwambia hivyo. Kahawa imepoa. Nilitaka kumshika mkono, naye kausogeza kuchukua kikombe changu. Kanisindikiza mpaka mlangoni, na jikoni sikupitishwa.

Namchukia Salim. Naandika hivyo hivyo. Kajipatia kiti, kajipatia na jina la mtu mwema, na aliyelipa ni mtoto wangu. Na mie ndiye niliyempa sababu, kwa domo langu. Nimemtukana mbunge wa watu kutoka Mabela, niko kwenye kiyoyozi.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemwambia Raya yote. Nilidhani atapiga kelele. Kanisikiliza mpaka mwisho, anakunja nguo. Kisha kasema kwa Kiswahili, taratibu, "Na wale wawili wengine, wao hawana dada Maskati?"

Bado wako ndani, na pale kijijini watu wanaanza kuzoea.

Jumamosi, 14 Februari

Nimemuona mheshimiwa kwenye simu, anaapishwa Dodoma. Suti nyeusi. Wamempigia meza makofi. Nimetafuta uso wa mtu mmoja anayejua jimbo letu liko upande gani wa kisiwa, sikuuona. Seif kapita nyuma yangu, katazama, kaniwekea chai.

Jumamosi, 21 Februari

Ramadhani. Mtaa mzima sahani zinapita kabla ya magharibi, watoto mbio mbio wasije wakaadhiniwa njiani. Nimepika vitumbua. Vimetoka vizuri, laini kati, pembeni vimekauka kidogo kama anavyovipenda Zuhura. Nimevitia kwenye sahani mpya ya kioo, kwani ile ya maua ilibaki kwake tangu siku ile ya pilau. Raya kakataa kupeleka. Nimepeleka mwenyewe, kapokea Neema.

Baada ya tarawehe Neema kaja. Kashika sahani mbili, moja juu ya nyingine. Ya kioo juu. Ya maua ya buluu chini. Zimeoshwa, zimefutwa, kavu.

"Mama anashukuru sana, vitumbua vilikuwa vizuri," kasema. "Na amesema hii nyingine pia ni ya kwenu."

Nimezipokea. Nimemuuliza habari za kwao, kasema wazima. Kaondoka.

Raya alikuwa jikoni. Kaichukua ile ya maua, kaigeuza, kaitazama chini, kisha kaiweka kabatini pamoja na sahani zetu.