Jiwe Juu ya Baba

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu? Sisi huku wazima, ila nimekasirika na sitazunguka. Nimeona picha ya kaburi la Baba. Jiwe gani hilo jekundu? Hiyo ni skoria, mambo ninayofundisha darasani kila mwaka. Ilirushwa na volkano ikiwa imejaa gesi, ikapoa upesi, viputo vikabaki matundu kama ya mkate. Maji yataingia, na jina la Baba litamomonyoka kabla wanangu hawajalisoma. Lile jeusi la machimboni, basalti, limetoka mlima huohuo lakini limeshikamana, halipitishi hata sindano. Baba alivunja jiwe hilo maisha yake yote kutusomesha, halafu wewe unamfunika na jiwe la kusugulia visigino! Libadilishe.

Dada yako

19 Machi

Shikamoo dada,

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi mzima, nachomelea mageti mchana kutwa. Barua yako niliisomea karakanani, nikatamani kuitia moto. Nani alimgeuza Baba kitandani? Nani alimnyoa? Siku ya mazishi tulisikia sauti yako kwenye simu tu, na leo umekuwa mkaguzi wa makaburi. Jiwe litabaki palepale.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je? Unajua fika kwamba nilinyimwa ruhusa kazini, na bado unanitonesha kidonda hichohicho. Basi nisikilize. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nimeshaongea na msimamizi wa machimbo, na watu wake wataleta jiwe jeusi Jumatano. Usiwazibie njia.

Dada yako

20 Aprili

Shikamoo dada, ingawa leo inanikwama kooni.

Hongera. Nilitoka kazini nikakuta jiwe lako limeshawekwa. Walilibeba wanaume sita, na bado walipumzika njiani. Linang'aa, herufi zimenyooka. Umeshinda.

Sasa nikwambie. Miezi ile ya mwisho mgongo wa Baba ulikuwa umekwisha kabisa, hata shuka alisema linamwelemea. Siku moja akaniagiza kipande cha jiwe jekundu. Akakipima kwa mkono mmoja, akacheka mpaka akakohoa. "Hili sawa," akasema. "Nikitaka kugeuka halitanisumbua. Lile jeusi nimelibeba tangu ujana. Msije mkanitwika tena."

Nilitaka kukwambia ana kwa ana, hukuja. Halafu ukaanza kunisomesha sayansi, nikaona bora ninyamaze nikukomoe. Mama tangu Jumatano ile hataki kukanyaga makaburini. Wanaume sita, dada, na mgongo wenyewe ndio ule.

Mdogo wako

27 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, maana ya kwangu yenyewe siijui. Nina hasira na wewe, na sitaficha. Maneno ya Baba hayakuwa yako kunikomoa nayo. Lakini hasira niliyo nayo juu yangu mwenyewe imenizidi, jana nilitoka darasani katikati ya kipindi. Safari hii sikuomba ruhusa, niliaga tu. Nafika Jumapili. Waite hao wanaume sita waje waliondoe jiwe langu, ila mmoja mwambie abaki nyumbani. Nafasi yake nitashika mimi, niujue uzito niliomtwika Baba.

Dada yako