Mgeni Anayeulizia Pango Letu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Niambie ukweli, kwa sababu nikimuuliza Mwakio ananijibu "Mama yuko sawa" kabla sijamaliza swali, na siku hizi ndugu yangu akijibu haraka mimi nakaa macho. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, na bibi ninayemtunza sasa anakula bila kunirushia kijiko.

Barua hii nimempa Anyango wa Maungu, yule ambaye baba yake alifanya kazi reli. Anakuja likizo. Sikupiga simu kwa sababu simu yako anaishika Mwakio. Anyango akusomee mwenyewe, mkiwa wawili tu.

Huyu bibi ana mpwa wake anaitwa Sandro, mtu mzima mwenye mvi. Tangu nije hapa hakuwahi kunisalimu vizuri. Ghafla akaanza kunitembeza mjini kila siku yangu ya mapumziko. Nikafikiri labda anataka kunifukuza kazi kwa upole, au anatafuta mke. Nikaenda, lakini macho nimeyatoa.

Mji wenyewe ni mzuri, siwezi kudanganya. Uko juu ya kilima, umezungukwa na ukuta wa mawe, na vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili hawapishani. Tulipanda mnara. Ukifika juu unaona mashamba ya mizabibu mpaka chini kabisa, nikakumbuka kwetu, mtu akisimama kuangalia nyika ya Tsavo, ila huku hakuna ndovu wa kuharibu shamba la mtu. Tukashuka kwenye mapango waliyochimba chini ya nyumba zao kuweka divai. Sokoni tukala mkate na nyama ya nguruwe, akalipa yeye. Hapo nikazidi kumshuku.

Mwisho akanipeleka kanisa lao kuu. Pembeni ya madhabahu, nyuma ya nondo za chuma, kuna sanduku la kioo, na ndani yake fuvu la askofu wao wa zamani, limevishwa taji. Watu wanapiga magoti, wanawasha mishumaa. Nilishtuka, Mama, lakini si kwa hofu. Nilimkumbuka babu yake baba, ambaye fuvu lake wazee waliliweka kule pangoni.

Sandro hakuwa anaangalia fuvu. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Kwenu pia mnaweka wazee hivi, kwenye miamba?"

Nikamwambia sisi ni Wakristo, tunazika makaburini.

"Lakini ndugu yako anasema pango la ukoo wenu bado liko."

Nikamuuliza amemjuaje ndugu yangu. Kumbe alimpata Mwakio kwenye picha zangu za mtandaoni, na wanaandikiana kwa Kiingereza bila mimi kujua. Anakuja Voi, eti kuona wanyama, na mwenyeji wake ni Mwakio. Nikamuuliza, "Na mtu akija kuchukua kichwa cha askofu wenu, je?" Akacheka. "Huyo atafungwa." Mimi sikucheka. Nyumbani kwake kuna kabati la vioo limejaa vigoda, vibuyu na shanga za watu wa mbali. Nilipomuuliza nani alimpa, alisema, "Watu tu."

Labda namwonea. Labda anataka kuona tu na kurudi zake. Lakini Mwakio, ambaye hajawahi kuuliza habari za huyo babu wa pangoni hata siku moja, juzi aliniuliza kama mzaha: "Mama bado anaikumbuka njia ya pangoni?" Usingizi umenihama tangu hapo.

Najua pasta alisema yale ni mambo ya giza, na tangu uokoke hujapanda kule. Sikuombi utambike. Nakuomba umlinde mtu wetu, jinsi hawa wanavyomlinda askofu wao, na ni Wakristo kutuzidi. Waliokuwa wanaijua njia wote wametutoka. Umebaki wewe peke yako.

Nisalimie shangazi wa Mraru, na Mghoi mke wa Mwakio, ambaye hana kosa lolote, na watoto wake. Mwakio mwenyewe usimwambie kwamba nimeandika.

Huyo mgeni akifika, mpokee kama mgeni. Mchinjie kuku, mpe chai, mpe kiti kizuri. Wakianza kuuliza njia, wewe umezeeka, Mama. Umesahau.

Ni mimi mwanao,
Wakesho